Fomu ya Mjomba

Jamani, visanduku vitatu na kitufe kimoja! Jina, barua pepe, ujumbe, halafu TUMA. Leo siku ya tisa.

Kilichoniponza ni mdomo. Nina miezi miwili tu ya kujifunza kutengeneza tovuti, nikaenda msibani nikajitapa mbele ya ukoo mzima kwamba siku hizi naandika kodi, zile code za kompyuta. Sijui nani alimfikishia mama mwenye nyumba, maana kesho yake asubuhi ngo ngo ngo mlangoni: "Nasikia unaandika kodi. Usiandike, baba, we lete." Mjomba naye, mwenye karakana ya vitanda pale Keko, akasema basi nimtengenezee tovuti yenye fomu, wateja wamwandikie hata wakiwa Ulaya.

Siku ya kwanza nikamaliza. Kwenye laptopu, bwana harusi kabisa! Nikaifungua kwenye simu: maandishi kama mayai ya chawa. Kumbe usipoweka ule mstari wa vyupoti (viewport) kule juu ya HTML, lugha inayojenga ukurasa, simu inajifanya ni skrini yenye upana wa pikseli 980, halafu inauminya ukurasa mzima uenee kiganjani. Yaani simu inajiona kompyuta! Siku mbili zimeteketea hapo, dawa yenyewe mstari mmoja.

Nikauweka. Visanduku sasa vinasomeka, ila vimechomoza nje ya skrini upande wa kulia, kama abiria aliyening'inia mlangoni mwa daladala ya Mbagala. Na mimi nimeandika upana asilimia 100! Mia ni yote, au nilivyokuwa natoroka hesabu waliibadilisha? Kumbe CSS, lugha ya kupanga mwonekano, inapima mia yake kwanza, ikishamaliza inaongeza padingi, ile nafasi ya ndani ya kisanduku, na mstari wa pembeni. Kama kiwanja cha milioni tano: ukishalipa ndipo unasikia kuna ya dalali, kuna ya mashahidi, na soda za watu. Mpaka uiandikie border-box ndiyo inakubali kwamba bei ni hiyo hiyo, kila kitu humo humo.

Shemeji akaijaribu kwenye iPhone yake. Akigusa kisanduku tu, ukurasa unamrukia usoni. Eti herufi zangu ni pikseli 14, na iPhone ikikuta kisanduku chenye herufi chini ya 16 inakisogeza karibu, kama mzee aliyesahau miwani. Nikapandisha, ikatulia. Hili sikulikasirikia sana, angalau lina huruma ndani yake.

Sasa TUMA. Nikabonyeza, ikafunguka programu ya barua pepe ya kwenye simu yangu mwenyewe, inanisubiri niitume barua mwenyewe. Nilikuwa nimeweka mailto, amri ya kufungua programu ya barua pepe tu, nikidhani fomu inabeba barua. Wapi! HTML haijawahi kubeba barua ya mtu. Ile ni dirisha la kaunta tu, na nyuma ya kaunta yangu hakukuwa na mtu. Nikahangaika na seva, yaani kompyuta ya kukaa nyuma ya hiyo kaunta, bando likakata mara nne, mwisho barua zikaanza kwenda. Zikawa zinafikia kwenye barua taka.

Kila jioni mjomba anapiga. "Shikamoo mjomba." "Marahaba mjomba. Bado visanduku vitatu? Mimi kabati la milango sita nimeanza baada yako, limeshapakwa vanishi." Nimjibu nini? Mbao ukiikata futi tano inabaki futi tano, haibadiliki ikihamishiwa chumba kingine.

Basi, juzi ikakaa sawa. Usiku wa kuamkia leo, saa nane, ujumbe wa kwanza ukaingia. Jina halitamkiki, Kiingereza kirefu, anaahidi kuipandisha tovuti iwe ya kwanza Google kwa dola kadhaa. Roboti. Hakuna binadamu anayetafuta karakana ya Keko saa nane za usiku. Nikasema asubuhi nitamweleza mzee taratibu.

Mzee kaniwahi. Kiingereza hakukifuata, ila alama ya dola aliiona. Saa kumi na moja alfajiri keshamjibu kwa Kiswahili safi: kitanda cha futi tano kwa sita, mninga mtupu, nusu malipo kwanza, usafiri wa Ulaya watazungumza.

Saa nne kanipigia. "Mjomba, yule mzungu kimya, na mimi mbao nimeshanunua. Hebu angalia hivyo visanduku vyako."