Asilale Mtu Wete

Shangazi yangu yuko Maskati mwaka wa 25 huu, na kila akija Pemba huteremka Mkoani na masanduku matatu: moja la nguo, moja la halwa na udi, na la tatu la mambo ya kutushangaza. Mwaka jana la tatu lilikuwa na DVD mbili, zimeviringwa ndani ya mtandio kama mayai ya bata.

"Opera," akasema.

Bibi akadhani ni dawa ya miguu, akanyoosha mkono.

Kumbe Maskati wana Jumba la Opera la Kifalme. Lilifunguliwa Oktoba 2011, na mchezo wa kwanza kabisa ulikuwa Turandot ya Mtaliana Puccini, Plácido Domingo mwenyewe akiongoza wapigaji. Shangazi siku hizo opera haijui. Alikuja kuingia humo miaka ya baadaye na shoga yake, kwa nia ya kutazama marmar na kupigwa na kiyoyozi. Akatoka na maradhi. Sasa kila Alhamisi, akishaosha vyombo, hujifungia chumbani kwake kuwaangalia Wataliana wanavyokufa huku wanaimba.

"Leo tutaangalia sote," akasema. "Wewe si ndiye fundi hapa?"

Mie si fundi. Mie ni mwalimu wa hesabu niliyewahi mara moja kutengeneza feni ya jirani, na feni yenyewe ilikuwa haijachomekwa. Lakini sifa hiyo imenikaa mtaani miaka minane, na sikuwa tayari kuivua mbele ya mgeni wa Maskati.

Televisheni yetu picha inayo. Sauti yake ndiyo kama nyuki ndani ya kopo. Nikashuka kwa jirani wa chini anayekodisha muziki wa harusi, akanipa spika moja yenye urefu wa kunifika kidevuni, na amplifaya iliyong'oka kitufe cha sauti. Kimebaki kijiti cha chuma tu, chembamba kama msumari wa nchi mbili. "Unakigeuza kwa plaizi," akanambia, na plaizi akanipa. Kuipandisha ile spika ngazi za ghorofa mbili ni kisa kingine. Ndani haikuenea popote ila mbele ya dirisha, imeziba soketi, na kwa ufupi wa waya mdomo wake ukaelekea nje, kwenye uwanja ulio kati ya majumba yetu. Nikasema haidhuru.

Zilikuwa zimebaki siku tatu kuingia Ramadhani. Bibi akakaa mkekani na sahani yake ya tambuu, Shangazi kwenye kochi na feni ya mkono, na mie kwenye stuli karibu kabisa na kioo, maana maandishi ya tafsiri yalikuwa ya Kiingereza, madogo kama sisimizi, na mfasiri ni mimi.

Hadithi yenyewe si ngumu. Turandot ni binti wa mfalme wa China. Anayetaka kumuoa hutegewa vitendawili vitatu, na akishindwa hukatwa kichwa.

"Kichwa?" Bibi akauliza. "Sie mtu akishindwa hutoa mji. Hao hawana miji?"

Shangazi akamwambia asili ya ngano hiyo si China, ni Uajemi, na hata jina Turandot ni la Kiajemi, binti wa Turani. Bibi, ambaye hujihesabu Mshirazi kila inapomfaa, akajiweka sawa. "Kumbe ni jamaa."

Vilipofika vitendawili vyenyewe, nyumba ikageuka baraza. Nikafasiri: kitu gani huzaliwa kila usiku, kikafa alfajiri?

"Usingizi!" Bibi.

Jawabu ni tumaini. Bibi akasonya.

Kitu gani huwaka kama moto, na si moto?

"Pilipili!"

Damu. Akasonya tena, kwa urefu zaidi.

Barafu gani hiyo inayokutia moto?

Hapo hakufikiri hata kidogo. "Mke mwenza."

Jawabu ni Turandot mwenyewe, lakini mie hadi leo nampa Bibi alama zote.

Yule mwanamfalme mgeni akavijua vyote vitatu, binti akawa hataki kuolewa, na kijana kwa ukarimu wake akamtegea yeye kimoja: jua jina langu kabla ya kupambazuka, na kichwa changu nakupa. Hapo DVD ya kwanza ikaisha. Nikatia ya pili, nikafunga mlango wa deki, na umeme ukakatika.

Tulingoja nusu saa. Umeme wetu wa Pemba huja kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga, na usiku kama ule unaweza kuamini umekaa huko chini unapumzika. Shangazi akasema tulale. Mie, kwa ufundi wangu, nikakumbuka kupunguza sauti. Nikapapasa gizani, nikakishika kile kijiti kwa plaizi, nikapunguza. Naapa nilipunguza. Tatizo la kijiti kisicho na kitufe ni kuwa hakina alama, na ukiwa umekisimamia kwa nyuma, kulia kwako ni kushoto kwake. Soketi ilikuwa nyuma ya spika, sikuifikia. Nikalala.

Saa nane usiku umeme ukarudi.

Deki yetu ni ya bei rahisi. Ikionja umeme tu hujiwasha na kusoma chochote kilichomo tumboni. Na DVD ya pili ilianza na sehemu ya tatu ya mchezo, ambapo wapiga mbiu wanapita mjini usiku kutangaza amri ya Turandot: leo asilale mtu Peking, jina la mgeni lijulikane kabla ya asubuhi, la sivyo ni kifo.

Mbiu ile ilitoka kwa spika ya harusi. Kwa dirishani. Kwa ukomo wa kijiti.

Jogoo wote wa Wete waliwika. Mzee wa jengo la pili alitoa shahada. Bi mkubwa wa ghorofa ya tatu alidhani mwezi umeandama bila yeye kujua na hii ndiyo ngoma ya daku, akabandika chungu. Mie nilikuwa sebuleni gizani natafuta plaizi, ambayo Bibi, nilikuja kujua baadaye, alikwenda nayo jikoni kuepulia sufuria. Nikajaribu kukigeuza kile kijiti kwa vidole, kisha kwa meno. Ukiwa umeuma amplifaya inayopiga kwa nguvu zile, sauti huisikia kwa fuvu.

Mlango ukagongwa. Sheha, na kikoi na fulana, tochi mkononi, na nyuma yake ngazi nzima ya majirani.

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu, sheha. Hiyo ni opera. Wanasema leo asilale mtu."

"Nani katoa amri hiyo katika shehia yangu?"

Kabla sijamjibu Shangazi akatoka chumbani, kajitanda kanga, akapita katikati yetu na kukaa kwenye kochi lake. "Hazimi mtu," akasema. "Ndiyo yenyewe hii." Na kweli, mwanamfalme akaanza kuimba.

Ni wimbo wa dakika tatu hivi. Sheha alibaki na tochi juu. Jirani mmoja, mtu wa mpira, akapasua kelele: "Hii si ya Pavarotti? Ya Kombe la Dunia, Italia, 1990!" Watu wakaanza kuingia ndani, viatu wakaviacha mlangoni. Sauti ilipopanda kule mwisho kabisa, Bibi aliinuka, akafungua pindo la kanga, akatoa noti ya elfu na kwenda kumtunza mwimbaji. Aliiweka juu ya televisheni, akarudi kwa mwendo wa pole, kama yuko taarabuni.

Wimbo ulipokwisha sheha akakumbuka cheo chake. Mie na yeye tukaisukuma spika, akaingiza mkono, akachomoa waya. Kimya kikatuangukia.

"Mbona haikwisha?" mtu akauliza mlangoni.

"Haina neno," Shangazi akasema. "Puccini mwenyewe alikufa 1924 hajaimaliza. Ilipochezwa mara ya kwanza, Milano, 1926, Toscanini, aliyekuwa akiongoza wapigaji, alifika pale alipoachia marehemu, akaweka chini kifimbo chake, watu wakenda zao."

Majirani wakaanza kushuka. Harufu ya wali wa daku ikawa inapanda kutoka ghorofa ya tatu. Sheha alifika kizingitini, akavaa ndara moja, akageuka.

"Na huyo kijana jina lake nani?"

Shangazi akatabasamu. "Kitendawili."

"Tega."

"Nishatega. Nipe mji."

Sheha akafikiri, tochi inawaka miguuni. "Chukua Chake Chake."

"Chake siitaki. Nipe Wete."

"Wete sitoi."

Wakavutana mpaka akatoa Mkoani yote na bandari yake.

"Anaitwa Calaf," Shangazi akasema.

"Khalaf?" Bibi akauliza kutoka mkekani. "Khalaf wa nani? Wa Machomanne?"