Faili la bainari usiiachie kompaila ikuandikie

Hii ya kuiachia kompaila (programu inayogeuza kodi kuwa lugha ya mashine) ipange faili la bainari, yaani data iliyoandikwa kama baiti mbichi badala ya maandishi, imenikaa kooni muda sasa, acha niitoe.

Mwaka 2025 nilifunga sensa ya maji kwenye simtanki la nyumbani, ESP32 moja (kompyuta ndogo ya chipu) na memori kadi, kazi yake ni kuandika kila sekunde 10 maji yamefika sentimita ngapi. Rekodi yenyewe ndogo tu: muda (sekunde tangu mwanzo wa 1970) baiti 4, kina cha maji baiti 2, chaji ya betri baiti 1. Jumla 7, hata mtoto wa darasa la kwanza anajumlisha. Kule kwenye ESP32 nikaandika kwa C, nikatengeneza `struct` (namba kadhaa zilizofungwa pamoja) nikaitupa yote kwenye faili kwa `fwrite` mstari mmoja, nikajiona fundi kweli kweli. Huku kwenye laptop nikasoma kwa Python, `struct.unpack('IHB', ...)`, I ni namba ya baiti 4, H ya 2, B ya 1, baiti saba saba.

Rekodi ya kwanza safi kabisa: tarehe 1 Mei 2025, saa saba na dakika 28 usiku, maji sentimita 120, betri 87. Ya pili ikaniambia tarehe 29 Novemba 1979, maji mita 308, betri sifuri. Mita 308! Dar nzima hakuna ghorofa lenye urefu huo, mimi nina simtanki. Na kilichonipoteza zaidi ni kwamba si zote zilikuwa mbovu, katika kila nane moja inakuja sahihi, kwa hiyo nikasema aah hii ni kadi inasumbua, nikaenda kununua nyingine, nikabadilisha na waya, wapi.

Siku ya tatu ndo akili ikanijia nikafungua faili kwa `xxd`, programu inayokuonyesha kila baiti kwa tarakimu mbili:

`F0 A3 12 68 78 00 57 00`
`FA A3 12 68 78 00 57 00`

Hesabu hapo. Nane, si saba. Kompaila ya C imechomeka baiti moja tupu mwishoni ili `struct` zikipangwa mfululizo, muda wa inayofuata uangukie kwenye anwani inayogawanyika kwa 4. Python nayo kwa `'IHB'` inaweza kuchomeka nafasi katikati ya namba lakini mwishoni haiongezi kitu. Kila mmoja yuko sahihi kwa sheria zake, mjinga ni mimi niliyekaa katikati. Nikisoma saba saba, rekodi ya pili inaanzia kwenye ile baiti tupu, `00 FA A3 12` inageuka muda, `68 78` inageuka kina cha maji, ambayo ni 30824, ndo hizo mita 308. Zikisogea nane zinakutana tena na mwanzo wa rekodi, basi inatoka moja safi ya kukudanganya.

Sasa maoni yangu, na najua kuna watu watanuna: kutupa `struct` kwenye faili kama ilivyo kwenye memori hujaandika faili, umepiga picha ya memori ya mashine yako siku hiyo. Atakayekuja kuisoma lazima awe na mashine kama yako na kompaila kama yako. Faili unaliandika wewe, baiti kwa baiti, unasema hii ni ya muda na inaanza na baiti ya upande mdogo wa namba, hii ya kina, basi. Kwenye C nimehamia kusogeza biti kwa mkono (`t` ni muda), `t & 0xFF`, `(t >> 8) & 0xFF` na kuendelea. Kuna wanaosema weka `packed` (agizo la kuiambia kompaila isichomeke nafasi) inatosha, sawa inaondoa ile baiti tupu, ila mpangilio wa baiti bado umeuachia mashine.

Kwenye Python dawa ni alama moja tu ya kusema upande mdogo utangulie na nafasi zisichomekwe, `<` mwanzoni. Jaribu mwenyewe: `struct.calcsize('BI')` inakupa 8, `'<BI'` inakupa 5. Na `'l'` (namba ya `long` ya C) bila alama ni baiti 8 kwenye Linux ya 64 biti, ukienda Windows ni 4, sasa hapo faili lako unampelekea nani? Ukipenda `>` tumia `>`, hiyo upande mkubwa ndo unatangulia, watu wa mtandao ndo yao, ili mradi umetamka. Hata `to_bytes`, ile ya Python ya kugeuza namba kuwa baiti, usiiache na tabia yake, mpe idadi ya baiti na `'little'` au `'big'` kila mara.

Pickle, njia ya Python ya kuhifadhi vitu vyake kwenye faili, sitaki hata kuizungumzia sana. Nzuri kwa kuhifadhi kitu chako cha leo ukisome kesho, lakini maelezo rasmi ya Python yenyewe yanakuonya usifungue ya mtu usiyemwamini maana inaweza kuendesha kodi yoyote, halafu mtu anakutumia data kwa pickle kwenye email kabisa.

Na ndiyo, CSV (maandishi ya kawaida yaliyotenganishwa kwa mkato) ingetosha. Mstari wangu kwa CSV ni kama baiti 18, kwa rekodi 8640 za siku ni kilobaiti 155 hivi, kadi ya GB 8 ingecheka. Nilitaka tu bainari, ndo ukweli. Ila nimepata somo jingine pembeni: umeme ukikatika katikati ya kuandika, rekodi ya mwisho inabaki nusu, kwa hiyo sasa kabla ya kuendelea naangalia ukubwa wa faili unagawanyika kwa 7, usipogawanyika nakata mkia. Na mwanzoni mwa faili naweka herufi nne na namba ya toleo (hizo sizihesabu kwenye kugawanya kwa 7), maana mafaili ya zamani ya nane na mapya ya saba yalikuwa yanafanana kwa jina tu nikashindwa kuyatofautisha.

Yale ya zamani nimeyaokoa kwa `'<IHBx'`, hiyo `x` inameza ile baiti tupu. Hakuna rekodi hata moja iliyopotea. Kadi ya kwanza nayo ilikuwa nzima muda wote, ipo kwenye droo.