Saa Kumi Usiku, Mlangoni kwa Mama Mkwe

Nimelala dakika 40. Naandika hii nikiwa kwa kistuli cha jikoni, macho yamefura kama mandazi ya juzi, na kule ndani ile mashine ya oksijeni inanguruma tu, nguuu-shh, nguuu-shh, kama haijui ilichonifanya usiku. Mama mkwe naye analala fofofo. Nimeweka chumvi kwa chai na nimeinywa hivyo hivyo, sina nguvu ya kumwaga.

Kama kwako kuna mzee hauhitaji kuelezwa. Zamani mgonjwa ndiye alikuwa anapelekwa hospitali, siku hizi hospitali inakuja kulala kwako na haisemi inaenda lini. Mama alikuja wiki mbili za kliniki. Huu ni mwezi wa saba. Kwanza kilikuja kitanda cha kupandisha na mkono wa chuma, kikakwama kwa kona ya ngazi orofa ya pili siku nzima, majirani wakawa wanapita chini yake wameinama kama wanaingia timboni. Kikafuata kiti cha choo. Ikaja mashine ya presha, ikaja ya sukari, ikaja ile ndogo ya kubana kidole kupima oksijeni ya damu ambayo Mama anaiita kibanio cha nguo. Daktari alisema yeye kwa vile mapafu yalivyo ikisoma kati ya 88 na 92 yuko sawa. Mimi siku hiyo nilikuwa nimetoka nje kutafuta parking ya bure (najua, najua), kwa hivyo kila ikisoma 91 nilikuwa nashika simu kuita ambulensi. Mama akanitazama. "Mkwe, 91 ni mbaya aje? Brayo wenu ameleta 43 shuleni na hamjaita mtu."

Ya sukari nayo kuna siku iliandika HI. Mama akaijibu, hi, sijambo. Kumbe hiyo HI maana yake sukari imepita mwisho wa kipimo, nikatoka mbio kutafuta teksi, nimefika orofa ya pili ndio nakumbuka huyu mama nimemwacha akilamba asali na kidole kile kile. Akanawa mikono na sabuni, tukapima tena, 7.4. Na hiyo stripi moja inagharimu pesa ya mkate, halafu unatumia mbili kupima asali.

Lakini mfalme wa hii nyumba ni mashine ya oksijeni. Iko ukubwa wa friji ya wanafunzi, ina magurudumu, na siku niliipeleka kwa fundi na mathree makanga aliiangalia akasema woofer inalipa kiti. Nililipa. Watu hudhani ina gesi ndani, haina, inavuta tu hii hewa yetu ya moshi wa barabarani, inachuja naitrojeni inabakisha oksijeni, inampelekea puani lita mbili kwa dakika mchana na usiku. Mama alipika na kuni miaka hamsini, huo moshi wote ulikuwa unaenda mahali. Na tangu siku ya kwanza anasema hewa ya Nairobi imekonda, mimi nikacheka sana, kumbe kweli, tuko mita kama 1,700 juu ya bahari na kwao Kakamega ni chini kidogo. Sijamwambia alikuwa na haki. Na nyinyi msimwambie.

Inakula wati 350. Piga hesabu mwenyewe, masaa 24, hiyo ni karibu uniti eight na nusu kwa siku, mashine moja, mimi na Brayo hatujagusa hata pasi.

Sasa jana usiku. Mama Brayo yuko nait shifti, dada wa nyumba yuko ofu, tumebaki mimi, Mama na Brayo ambaye akilala hata umbebe mpaka Githurai hajui. Saa kumi kasoro: TIIIIIIIII. Hiyo mashine stima ikipotea inalia, na hailii kama simu, inalia kama mtu ameonewa. Giza totoro. Nikasema haya, stima imeenda mtaa mzima, pole zetu sote. Nikachungulia dirishani. Ploti ya mbele inawaka. Ya kushoto inawaka. Kibanda cha mutura kimefungwa tangu saa nne na balbu inawaka. Ni mimi peke yangu. Tokeni zimeisha, na Mama Brayo alikuwa ameniambia Ijumaa.

Nikafika mlangoni kwa Mama. Nikasimama.

Kama wewe si mtu wa magharibi ya Kenya utauliza si ufungue mlango. Ndugu yangu. Mkwe haingii chumba cha kulala cha mama mkwe. Kwetu hata kulala chini ya paa moja ilikuwa kesi, wazee walikalia kikao, wakasema Nairobi ni Nairobi, lakini chumba ni chumba. Miezi saba sijavuka hicho kizingiti. Kitanda kikifungwa na fundi mimi nilikuwa koridoni nikisoma maagizo kwa sauti nikiangalia ukuta.

Nikabisha.

"Mama."

"Nani?"

"Ni mimi, Baba Brayo."

"Nani amekufa?"

"Hakuna mtu amekufa Mama, ni stima imepotea, hiyo inalia ni mashine yetu."

"Najua ni yetu, iko kwa sikio langu. Ngoja niwashe mshumaa."

Hapo ndipo heshima ilianza kunitoka. "MAMA USIWASHE MSHUMAA!" Maanake oksijeni yenyewe haiwaki, lakini inafanya kila kitu kingine kiwake kama kimemwagiwa petroli, blanketi, nywele, mrija, kila kitu. Ndio maana kwa huo mlango kuna karatasi Mama Brayo ameandika na kalamu nyekundu, hakuna moto, hakuna mafuta ya mgando puani. (Mafuta ya mgando Mama ameyaficha mahali. Pua haiwezi kung'aa hivyo kila asubuhi kwa maji tu.)

"Mkwe, unanipigia kelele?"

"Hapana Mama. Pole Mama. Nilikuwa naomba tu, kwa heshima, usiwashe."

"Sasa nitaona aje?"

"Si simu iko na tochi?"

"Simu imezima, nimeweka chaji."

Chaji. Stima ya wapi.

Basi nikalala kifudifudi kwa simiti, mtu wa miaka 46, mweka hazina wa chama, nikamulika na simu yangu chini ya mlango. Nikaona miguu inatafuta slipa.

"Umeona miguu yangu?"

"Sijaona kitu Mama. Slipa iko upande wa dirisha."

Tukaanza darasa. Mama, kwa kona kuna silinda ya akiba, ile nyeusi yenye mabega meupe, chomoa mrija kwa mashine uuchomeke pale. Ameuchomeka. Sawa, sasa ile kichwa ya juu uzungushe kama unafungua mfereji.

"Mfereji gani? Tangu nije sijaona mfereji wenu ukitoa kitu."

"Kama ule wa nyumbani Mama."

"Nyumbani nachota kisimani."

"Basi zungusha tu kushoto."

"Kushoto kwangu ama kwako?"

Na ile mashine bado inalia tiiiiii hapo katikati yetu kama mtoto wa mtu mwingine. Nikamwambia kushoto ni ule mkono hauli nao. Akasema alichomwa na uji mkono wa kulia mwaka wa 1988 akala na kushoto miezi mitatu, kwa hivyo nitaje vizuri. Halafu nikasikia maneno yanapungua. Huyu mama ni mtu wa sentensi ndefu, akianza kukuuliza habari ya asubuhi chai inapoa. Sasa akawa anatoa mawili mawili. "Imekataa." Kimya. "Iko ngumu." Kimya. Nikasikia ile pumzi ya juu juu. Nikaona hata hao wazee wa kikao wangekuwa hapa wangenisukuma.

Nikavuta shuka ya kochi nikajifunika kichwa mpaka kiuno, simu nimeishika ndani ya shuka inamulika, nikafungua mlango na nikaingia kinyumenyume. Mgongo mbele. Nikagonga kiti cha choo, nikaomba msamaha, sijui nilikuwa namwomba nani. Nikapapasa nyuma na mkono mmoja mpaka nikashika kichwa cha silinda, nikazungusha, sssssss.

"Mama soma hapo kwa mshale, iko ngapi?"

"Mbili."

"Wacha hapo. Vuta pumzi pole pole, na pua."

Tukakaa hivyo kama dakika tano, yeye kwa kitanda anavuta, mimi nimeangalia ukuta chini ya shuka kama mzigo wa kwenda Gikomba, hakuna anayesema kitu. Nilikuwa nahesabu pumzi zake. Halafu akasema, "Asante mkwe." Nikamwambia mimi siko hapa Mama. Akasema najua.

Na ni wakati huo huo Brayo, yule wa Githurai, aliamua kuamka aende choo. Akakuta koridoni shuka nyeupe inatoka chumba cha kukhu, nyanya yake, kinyumenyume ikiwaka taa ndani. Hiyo nduru ilifika steji. Jirani wa 4B akaja na rungu na boksa. Sitaeleza zaidi.

Nikanunua tokeni kwa simu, meseji ikaingia haraka, hapo sina neno. Ila kile kidude cha kuingiza namba kimezima, kinataka betri stima ikiwa imeenda, na betri zake nilitoa mwezi jana nikaweka kwa mashine ya presha, kwa sababu za mashine ya presha Brayo alichukua akaweka kwa rimoti. Na mashine ya presha iko wapi? Kwa Mama. Kuingia tena hapana, mara moja ni dharura, mara ya pili ni mazoea. Nikarudi kifudifudi. Akazitoa moja moja akazisukuma chini ya mlango, moja ikabingirika mpaka kwa mguu wa 4B, ambaye alikuwa bado amesimama hapo na rungu lake akitaka kuelewa. Namba 20 za tokeni, macho haya, nikakosea ya 17, nikarudia, nikakosea ya 4. 4B akanisomea kwa sauti. Stima ikarudi saa kumi na moja na dakika kumi, Mama akarudi kwa mashine, kibanio kikasema 90, akasema ameshuka namba moja kwa sababu yangu.

Sasa hivi gruupu ya ploti iko na meseji 63, keretaka anauliza kama ni kweli kuna mtu anafanya matambiko orofa ya nne. Mama Brayo nimempigia nikamweleza yote, mpaka ya shuka, akanyamaza kidogo, akauliza: "Kwani nilikuambia tokeni siku gani?"

Nimeshuka kununua betri mpya za kila mashine na yake, nilisema hii nyumba kuanzia leo hakuna betri itahama. Yule jamaa ameniuzia pakiti ya nane, nimeweka nne kwa ya presha, imewaka, ikafunga mkono wa Mama, ikavimba, ikazima hapo hapo imembana. Betri ni mpya, ina plastiki yake, na imekufa! Na anaapa ni orijino, mtu amekaa chini ya mwavuli wa kampuni ya simu anauza betri, soksi na mayai ya kuchemsha, wewe unaenda kumwamini kwa nini, mimi pia sijui, lakini ukienda supamaketi nazo bei yake unaweza ukanunua kuku mwenye... ngoja kwanza.

Ile mashine inakuwa na sponji nyeusi kwa nyuma ya kuzuia vumbi. Unaiosha kila wiki na maji ya sabuni, unaianika mpaka ikauke kabisa. Ziko mbili, moja inakuwa kazini na nyingine inakauka hapa kando ya sinki. Dada wa nyumba ameingia sasa hivi kutoka ofu, amenisalimia vizuri, amefunga leso, na ananisugulia sufuria ya ugali na kitu cheusi.

Dada. Dada! Weka hiyo chini.