Kiwanja Bure, Ushuru Bure, na Sisi Tuwe Bure?

Juzi usiku nimekaa zangu dukani nahesabu mauzo ya siku, simu ikaanza kutetemeka juu ya kaunta mpaka ikaangusha kalamu. Kundi letu la wazawa wa Tabora. Jumbe mia na kitu ndani ya saa moja, na hakuna aliyefiwa. Nikafungua. Kumbe kuna kampuni kubwa (jina linanong'onwa, nami silitaji kwa sababu hakuna aliyeiona barua) inatafuta mji wa kuweka makao makuu yake ya Kanda ya Magharibi, na eti tumebaki wawili kwenye kinyang'anyiro, sisi na Kigoma.

Basi, watu wamechachamaa. Huyu katuma picha ya stesheni, yule picha ya maembe. Halafu ikaja sauti ya dakika nne ya mheshimiwa mmoja. Nimeisikiliza mara mbili nisije nikamsingizia mtu: "Ndugu zangu, Kigoma wasituzidi ujanja. Kiwanja tuwape bure, ushuru wa huduma tuwasamehe miaka kumi, barabara ya kufika getini tuichonge wenyewe. Wakitaka na mbuzi, tutachinja."

Watu wakapiga makofi. Yale makofi ya njano.

Mimi nikaandika neno moja tu: "Kwanini?" Nikaitwa msaliti. Mmoja akauliza kama mke wangu ni Muha, kabila la Kigoma. (Ni Muha. Haihusiani.)

Nimeona nieleze huku, ambako hakuna wa kunitoa kwenye kundi.

Mchezo huu si mgeni. Septemba 2017 Amazon, kampuni ya Marekani inayouza bidhaa mtandaoni, ilitangaza inatafuta mji wa kujenga makao makuu ya pili, ikaahidi ajira hadi 50,000 na uwekezaji wa dola bilioni 5. Miji na majimbo 238 yakajitokeza. Mnaodhani mbuzi wa mheshimiwa ni kituko, sikilizeni haya. Tucson walipakia kaktasi, mmea wa miiba wa jangwani, ya futi 21 wakaipeleka zawadi, Amazon wakaitoa kwa makumbusho. Meya wa Kansas City alinunua bidhaa 1,000 za Amazon, akaziandikia maoni mtandaoni, zote nyota tano, na humo humo anausifia mji wake. Stonecrest, kamji ka Georgia, walikuwa tayari kumega ardhi yao wazae mji mpya uitwao Amazon. Mtu mzima, na vikao, na mihuri, anabadili jina la ardhi ya babu yake kwa ajili ya duka. Newark nao wakaweka mezani misamaha ya kodi ya dola bilioni 7.

Na mshindi? Novemba 2018 wakatangaza New York, na Arlington ya Virginia, ng'ambo tu ya mto kutoka Washington. Yaani mji mkubwa kuliko yote nchini kwao na jirani wa makao makuu ya serikali. Bwana mkubwa wao, Jeff Bezos, mwanzilishi wa Amazon, tayari alikuwa na nyumba Washington, na gazeti la Washington Post ni lake. Hao 236 wengine walikuwa wanasindikiza harusi. Ila ramani zao, bei za viwanja vyao, mishahara ya watu wao na mipango yao ya barabara, vyote vilibaki kwenye makabati ya kampuni, bila senti.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. New York waliahidi vivutio vya karibu dola bilioni 3, wananchi wakakomaa, na tarehe 14 Februari 2019, siku ya wapendanao, Amazon wakasusa, wakajiondoa. Watu wakalia: tumepoteza! Mwaka ule ule, Desemba, Amazon haohao wakapanga ofisi Manhattan, New York hiyohiyo, za watu 1,500. Bila vivutio. Walikuwa wanautaka mji tangu mwanzo. Zile bilioni zilikuwa za kuombea tu, kama mteja anayeondoka dukani kwangu kwa hasira kisha anarudi baada ya dakika kumi kununua daftari lilelile kwa bei ileile.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba ofisi kubwa si kitu kibaya. Nyumba za kupanga zitapata watu wanaolipa kwa wakati, mama ntilie watauza, na mimi nitauza karatasi, ambazo ofisi hula kama mchwa. Nakubali pia, na hapa najua naudhi kundi zima, kwamba kama ni mizigo ya Kongo na Burundi, Kigoma wana hoja. Bandari iko kwao, ziwa liko kwao. Reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, itaishia kwao.

Lakini ushuru! Hebu tuongee ushuru.

Nje ya duka langu anakaa bibi mmoja, anauza matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) na karanga. Mtaji wake wote unaenea kwenye ungo. Kila asubuhi, kabla hata hajafunua kitambaa, kijana wa ushuru amefika na kimashine chake kiunoni. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, bado sijauza." "Nitapita tena." Na kweli anapita tena, saa nne, na kimashine kinalia krrr, karatasi inatoka, bibi anaikunja mara nne na kuifunga kwenye pindo la khanga pamoja na nyingine za wiki nzima, kama hirizi. Shilingi mia tano. Kuna siku nimeona ametoa mia tano ya kwanza aliyoipata, nami nikamnunulia karanga ambazo sikuzihitaji, kwa aibu.

Sasa mniambie, waheshimiwa. Huyu bibi amekaa Tabora maisha yake yote. Hajatishia kuhamia Kigoma. Nani alimfuata akamwambia tunakusamehe miaka kumi? Nani alimchongea barabara ya kufika kwenye ungo wake? Tunamsamehe mwenye mabilioni kwa sababu ana miguu ya kuondokea, na tunambana bibi kwa sababu tunajua hana pa kwenda. Hapo hakuna uwekezaji. Ni kumtoza mnyonge kwa kosa la kutuamini. Na pengo la miaka kumi mtaliziba na nini kama si vimashine viwili zaidi pale sokoni?

Nimevuta pumzi. Tuendelee.

Wenzangu wanasahau kwamba Tabora tumeshakuwa makao makuu ya nchi nzima. Wajerumani walipobanwa kwenye vita ya kwanza walihamishia utawala wao hapa, hadi Wabelgiji walipowafurusha Septemba 1916. Baadaye, kwa Waingereza, tukawa makao ya Jimbo la Magharibi. Yote yamepita. Kilichobaki ni reli iliyofika hapa 1912, na makutano ya njia za Kigoma na Mwanza. Hata kabla ya reli misafara ilisimama hapa kwa sababu njia zilikutana hapa, si kwa sababu mtemi fulani aliwaandikia wafanyabiashara barua ya kuwabembeleza. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na sisi tunataka kujitembeza na dumu la asali kichwani.

Angalieni tumbaku. Inalimwa Urambo, Kaliua, Sikonge, Uyui. Jasho letu, kuni zetu, vikohozi vyetu. Miaka nenda rudi imepakiwa kwenda kusindikwa Morogoro, na sigara zikatengenezwa Dar es Salaam. Walioweka viwanda huko walifuata umeme, maji, barabara na soko. Hatukushindwa kwa uhaba wa mbuzi.

Kuna atakayesema, mbona Tanzania iligombania na Kenya bomba la mafuta ya Uganda tukashinda 2016? Tulishinda, na kiwanda cha kuwekea mabomba tabaka la kuzuia joto lisipotee kikajengwa Sojo, Nzega, mkoani kwetu hapahapa. Vizuri. Lakini bomba lina kilomita 1,443 na lazima lipite mahali. Ofisi ni meza, viti na intaneti. Inahama kwa lori moja.

Na mimi nimeliona hilo lori. Miaka kadhaa iliyopita kampuni nyingine, ambayo nayo siitaji, ilipewa kiwanja upande wa Ipuli. Sherehe ilikuwa kubwa, nilichapisha kadi za mwaliko mimi mwenyewe, na nusu ya pesa sijalipwa hadi leo. Wakajenga uzio wa upande mmoja, bango na kibanda cha mlinzi. Baada ya hapo kimya. Uzio watu wameutoa tofali mojamoja, bango jua limelifuta. Mjomba wangu, aliyekuwa ameuza baiskeli na banda la chipsi akisubiri kazi ya bustani waliyomwahidi, alisubiri miaka miwili.

Jana, baada ya kelele za kundini, nikamtafuta mjumbe mmoja nimuulize kiwanja cha bure wanachokisema ni kipi. Akanielekeza. Ni kilekile.

Nikapanda bodaboda nikaenda. Mlinzi bado yupo! Mzee wa watu, koti la ulinzi limechakaa limebaki rangi ya vumbi, redio ndogo imefungwa kwa mpira wa baiskeli. Mshahara uliacha kuja zamani, akaamua kubaki, hakuna aliyemfukuza. Kiwanja kizima kina mihogo, matuta ya viazi, na miembe mitatu mirefu kuliko mimi. Tukaamkiana, akanipa kigoda, naye akakaa juu ya tofali, mojawapo ya yale machache ya uzio yaliyobaki. Nikamweleza habari za kampuni mpya. Akasikiliza mpaka mwisho, akapunguza sauti ya redio.

Akaniuliza hao wapya wanakuja mwezi gani, maana miembe ndiyo kwanza imetoa maua.