Daktari wa Khartoum na kiti cha CAF

Wapenzi wa soka wakibishana nani aliyeujenga mpira wa Afrika, majina ni yale yale ya marais wa CAF, shirikisho la soka la Afrika: Tessema wa Ethiopia, Hayatou wa Cameroon. Dk. Abdel Halim Mohamed wa Sudan hatajwi. Mimi naona tunamdhulumu.

Alizaliwa 1910, akahitimu udaktari 1933 katika shule ya tiba ya Kitchener, Khartoum, Sudan ikiwa bado mikononi mwa Waingereza. Kalamu nayo hakuiacha: aliandika kitabu pamoja na Mohamed Ahmed Mahgoub, aliyekuja kuwa waziri mkuu.

Sudan ilijitawala Januari 1956. Juni mwaka huo huo daktari wetu yuko Lisbon na wenzake kwenye mkutano mkuu wa FIFA, wanakaa na wajumbe wa Misri na Afrika Kusini kupanga shirikisho la bara zima. Hebu fikiria: uhuru haujatimiza hata miezi 6, sehemu kubwa ya Afrika ni makoloni, OAU yenyewe, umoja wa nchi huru za Afrika, itakuja 1963. Anayedhani diplomasia ni kazi ya mwenye barua ya ubalozi tu, aanzie hapo.

Februari 1957 CAF ikazaliwa Khartoum, na mtihani ukaja papo hapo. Afrika Kusini ilitaka kuleta ama timu ya weupe watupu ama ya weusi watupu, mchanganyiko hapana. Ikawekwa kando. Kombe la kwanza la Mataifa ya Afrika likachezwa na timu 3 na mechi 2 tu, Misri ikalibeba. Ilikuwa rahisi sana kufumba macho ili mashindano yanoge. FIFA, pamoja na ukubwa wake, ilisubiri hadi 1961 kuisimamisha Afrika Kusini.

Baada ya mapinduzi ya umma ya Oktoba 1964 yaliyomng'oa mtawala wa kijeshi wa Sudan, Jenerali Abboud, daktari wetu aliingia katika baraza la watu 5 lililoshika nafasi ya mkuu wa nchi. Uenyekiti ulikuwa wa zamu. Mwenzake mmojawapo, Tijani al-Mahi, alikuwa daktari wa magonjwa ya akili, na kwa siasa za wakati ule nadhani hakukosa kazi.

1968 akawa rais wa CAF. 1970 Sudan ikaandaa kombe na kulitwaa kwa kuifunga Ghana 1-0 nyumbani, na mwaka ule ule Morocco ikaenda Mexico kwa nafasi ya Afrika yenyewe, tunda la mgomo wa bara wa Kombe la Dunia la 1966. Kwa mafanikio hayo, wengine wangeomba katiba ibadilishwe.

1972 kiti kikaenda kwa Yidnekachew Tessema. Tessema alipofariki Agosti 1987, aliyeitwa kukaimu ni yule yule mzee wa Khartoum, miaka 77. Akalishika shirikisho miezi michache, na Machi 1988 akamkabidhi Issa Hayatou. Hapa ndipo ninapompendea. Mtu mwenye fani yake haogopi kuitwa rais wa zamani, kwani jina la daktari halipigiwi kura.

Alifariki 2009. Hayatou, aliyekabidhiwa kiti, alikuwa bado amekikalia.