Fukusi Hawangoji Agosti

Mtu wa bara akisikia siasa zimechacha, huingia supamaketi, akajaza toroli, akatia gari moto, habari ikaisha. Mtu wa Lamu huuliza kwanza: lori limefika Mokowe? Maana kilo ya mchele inayopikwa hapa kisiwani imezunguka kuliko mgombea ubunge. Imeshushwa melini Mombasa, ikapanda lori, ikapita Kilifi, Malindi, Garsen na Witu, ikatuliwa Mokowe, ikatiwa chomboni, ikavuka, ikapandishwa gatini, ikabebwa na hamali, ikamaliza safari mgongoni mwa punda. Kila aliyeigusa ameacha alama yake kwenye bei, isipokuwa punda, ambaye peke yake hakudai kitu. Dereva mmoja akisema "mimi siendi mpaka kura zihesabiwe," sisi huku tunaanza kuhesabu vibaba.

Utaambiwa Lamu kumetulia, fujo ni za huko. Sawa, fujo ni za huko, lakini unga nao ni wa huko. Januari 2008 reli iling'olewa Kibera, wakakosa petroli Waganda, watu ambao hata kura hawakupiga. Aprili 2022 petroli ilikauka vituoni bila mtu kurusha jiwe. Ilikuwa hesabu ya ruzuku baina ya serikali na wenye mafuta. Mwisho wa 2023 mvua za El Niño zikaujaza mto Tana, barabara ya kuja kwetu ikakatika. Mara siasa, mara pesa, mara maji. Anayengoja siasa ndipo aweke akiba, huyo hajui anaishi wapi.

Halafu kuna jambo la Katiba ya 2010. Uchaguzi uwe Jumanne ya pili ya Agosti, kila mwaka wa tano. Walikaa wataalamu wakaandika, na hakuna aliyemuuliza mvuvi. Agosti ni kusi, yakhe! Bahari imechafuka, vidau vimefungwa, samaki ukiuliza bei unajibiwa kwa kutazamwa tu. Kwa hiyo Agosti 2027 barabara ikisita na bahari nayo inasita, kwa mpango rasmi.

Basi mtu hushtuka. Wiki mbili kabla ya kura hukopa, akanunua magunia mawili ya mchele na katoni za unga, akazipanga ukutani, akawa anapita hapo kuzitazama na kujiona waziri wa kilimo. Uchaguzi haujafika, fukusi wameshapiga kura, wamehesabu, wametangaza mshindi. Shida ya akiba hapa Lamu si kuipata. Ni kuikalisha.

Kwanza hesabu, kwa sababu wengi hununua kwa hofu, na hofu haina mizani. Chakula cha msaada cha Shirika la Mpango wa Chakula Duniani kwa kawaida hupimwa hivi kwa mtu mmoja kwa siku: nafaka gramu 400, kunde za aina yoyote gramu 60, mafuta 25, sukari 15, chumvi 5, na kiasi cha unga wa lishe. Nyumba ya watu sita kwa wiki mbili inataka nafaka kilo 34 kasoro kidogo, kunde kilo 5, mafuta kilo 2 na kitu, chumvi haifiki nusu kilo. Mpaka hapo hakuna ugomvi. Ugomvi ni sukari: kilo moja na robo. Watu sita, wiki mbili, Lamu! Aliyeipanga hiyo hajawahi kualikwa chai ya saa kumi. Gramu 15 ni vijiko vitatu, na vijiko vitatu ni kikombe kimoja cha babu, tena atakiweka chini aulize nani kamnyima sukari. Weka kilo nne, mafuta lita tano, na mahamri yawe ya Ijumaa.

Haya, mchele umefika. Usiuweke kabla hujaupima ukavu. Tia punje mdomoni uiume kwa gego: ikilia "ka!" imekauka, ikibonyea kimya bado ina maji. Mwenye meno ya kuazima afanye hivi. Achukue chupa ya kioo iliyokauka, atie mchele robo chupa, atie chumvi kavu vijiko viwili, atikise dakika mbili tatu, aiache itulie robo saa. Chumvi ikishika kwenye kioo, mchele una unyevu, hauwekeki. Isiposhika, mchele ni salama. Kipimo kizuri mno, ila kwetu kina mushkili mmoja: chumvi yenyewe imelowa. Ukiitoa koponi inakuja donge zima. Basi huna budi kuikaanga kwanza kwenye kikaango kikavu, uipoze, ndipo uitume ikamuulize mchele kama amekauka. Na hapo ndipo jirani atakapochungulia, aone mtu mzima anakaanga chumvi tupu, na kabla ya magharibi mtaa wote umeshakusomea dua.

Mchele wenye unyevu uanike mkekani, kivulini, penye upepo. Jua kali la saa saba hupasua punje, ukija kupika wali unapata bokoboko bila nyama.

Gunia la kilo 50 nalo haliachwi guniani. Fukusi hatoki kwako, amekuja na mchele kutoka ghalani. Yai liko ndani ya punje na hulioni. Tafuta madumu ya lita 20 yaliyokuwa ya mafuta ya kupikia, yaoshe kwa maji moto na sabuni mara mbili, yapindue yakauke siku mbili kamili. Tone la mafuta likibaki litachacha, na wali wako utanuka hata ukiutia iliki kilo. Dumu moja hula kilo 16 hivi, kwa hiyo madumu matatu yanachukua 48. Kilo mbili zinazobaki ni za wali wa usiku huo, usisumbuke kuzitafutia chombo. Jaza mpaka shingoni, gongagonga dumu mchele ushuke, jaza tena, tandika kipande cha plastiki mdomoni, kaza kifuniko juu yake. Shabaha ni hewa iwe haba, wadudu waimalize wenyewe wafe. Kila ukifungua kuchota kibaba umewapelekea hewa mpya, basi fungua dumu moja mpaka liishe, mengine yasiguswe. Andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito, na la zamani litangulie. Mtu akifungua jipya kwa sababu "lile la zamani liko nyuma," huyo ndiye fukusi mkubwa.

Kuna fundi wa maneno atakwambia uwashe mshumaa ndani ya dumu ufunge, ukizimika ujue hewa imekwisha. Haijaisha! Mshumaa hukata tamaa mapema. Hewa inayobaki inamtosha fukusi kuoa na kulea. Majani makavu ya muarobaini yanafukuza wanaotaka kuingia, hayawatoi waliomo, na ukisahau kuyaondoa utakula wali wa dawa.

Dumu usiliegemeze ukutani, wala gunia la sukari. Kuta hizi za matumbawe na chokaa, ambazo watu hupanda ndege kuja kuzipiga picha, hunyonya unyevu zikaurudisha chumbani polepole. Weka mbao, vitu viinuke kiasi cha shubiri kutoka sakafuni, na nyuma yake ubakishe nafasi ya mkono kupita ili uone panya kapita wapi. Paka usimtegemee. Paka wa Lamu anakula matumbo ya samaki gatini na ana miadi na watalii. Panya wa kwako si shughuli yake.

Unga una tabia zake. Sembe hukaa miezi. Dona haikai, kwa sababu kiini cha mahindi kina mafuta, na kwa joto letu huanza kuwa chungu baada ya wiki chache. Daktari anaisifu dona na ana haki, lakini dona ni ya kula sasa. Unga wa ngano ndio karamu ya wadudu: mwenye friza aulaze humo siku nne, kisha autoe na auache ufikie joto la nyumba ukiwa bado umefungwa. Ukiufungua ungali baridi utavuta maji ya hewani, upate ukungu badala ya chapati. Na usiweke imani kwenye unga wa bei nafuu ya serikali. Ule wa shilingi 100 wa Julai 2022 tuliusikia redioni kuliko tulivyouona dukani.

Maharagwe usirundike. Yakikaa kwenye joto na unyevu miezi mingi hugeuka mawe: umeyaloweka usiku kucha, umeyachemsha kutwa, gesi imekwisha, nayo bado yanagonga sufuria. Chakula hununuliwa pamoja na moto wake. Adesi nyekundu zilizopasuliwa huiva dakika 20 bila kulowekwa. Pojo hazifiki saa. Nyingine zozote ziloweke tangu usiku, zichemshe, kisha uifunike sufuria kwa mablanketi ziendelee kuiva bila moto. Bibi atauliza kwa nini sufuria inalala na blanketi lake.

Mtungi wa gesi uupime kwa mizani ukiwa dukani. Uzito mtupu umegongwa kwenye chuma. Toa huo, kinachobaki ndicho ulicholipia. Muuzaji atanuna, mwache anune. Nyumbani, mwagia maji moto ubavuni upapase: panapobaki baridi ndipo gesi inapoishia. Makaa ni akiba nzuri yakikaa pakavu, lakini seredani haiingii chumba kilichofungwa, hata mvua inyeshe vipi. Moshi wake mbaya hauonekani wala haunuki, na mtu hulala asiamke.

Ng'onda na papa mkavu wanunuliwe kaskazi, samaki wakiwa wengi, wahifadhiwe mpaka kusi. Waanikwe tena kila baada ya wiki mbili kwa sababu wanavuta maji na kuota ukungu. Suala la harufu ni la kila nyumba na majirani zake.

Kwenye maji wazee walituacha mbali. Nyumba za kale zilikuwa na birika chooni na visamaki ndani wakila viluwiluwi vya mbu, na visiwa vya juu vilikuwa na majabia ya kukinga mvua. Sisi tumevunja birika tukaweka shawa. Maji ya mji hutoka visima vya Shela, chini ya michanga, yakisukumwa kwa pampu, na pampu bila umeme ni chuma tu. Weka lita 15 kwa mtu kwa siku, kunywa, kupika, kutawadha na kuoga kwa kata. Watu sita siku tatu ni lita 270, yaani madumu 14, na yasiwe yale ya mchele. Maji meupe yenye shaka, tia bliichi tupu ya asilimia 5, isiyo na manukato wala sabuni, matone mawili kwa lita. Dumu la lita 20 linataka matone 40, na hakuna binadamu aliyefika 40 bila mtoto kumsemesha akasahau. Tumia bomba la sindano bila sindano yake: mililita 2. Koroga, ngoja nusu saa. Bliichi iliyokaa mwaka kwenye joto imeshachoka. Na haitoi chumvi. Maji ya kisima cha chumvi yatakuwa safi, na ya chumvi vilevile.

Dawa za presha na sukari ziwe mwezi mmoja mbele. Insulini ambayo haijafunguliwa inataka nyuzi 2 hadi 8. Ule ujanja wa kupoza dawa kwa mitungi miwili ya udongo, mmoja ndani ya mwingine, mchanga mbichi katikati, hufanya kazi penye hewa kavu. Yetu imeshiba maji, mtungi unatoka jasho tu bila kupoa. Mwenye friji ya uhakika mtaani ajulikane mapema, na asalimiwe vizuri.

Kuna watakaosema kuweka akiba ni ihtikari. Ihtikari ni kuficha chakula bei ipande ukiuze. Chakula cha watoto wako si hiyo, mradi usilimalize duka siku moja. Nunua kidogo kidogo tangu Aprili, kila ukichukua kilo mbili za kula ongeza moja ya kuweka. Na ukae kimya. Likijulikana dumu la tatu, utatembelewa na jamaa ambao hata matangani hamkuonana.

La mwisho ni pesa. Umeme ununuliwe mapema na tokeni iingizwe kwenye mita, karatasi haiwashi taa. Pesa ya simu inataka mtandao, na Juni 25, 2024 tuliona mtandao unavyoweza kuzorota siku unapohitajika. Weka noti za 50 na 100 za wiki nzima, na sarafu. Ukienda na noti ya elfu moja siku ya shida, mazungumzo ni haya:

"Mwanangu, nirudishie 230 yangu."

"Ami, chenji hapana. Twaa viberiti."

"Vya 230?"

"Na peremende za wajukuu."

Vitwae, uvitie chupani ufunge. Kiberiti kikilala nje usiku mmoja wa kusi, asubuhi unakwangua njiti kumi kwa moto mmoja.