Gamba la Kilwa, Mashine na Nyuzi Nne Zilizopotea

Katika udongo wa mfinyanzi wa Kilwa na Lindi yamo magamba ya foraminifera, viumbe wa baharini wa seli moja, madogo kama punje ya mchanga na bado yanang'aa kama kioo baada ya mamilioni ya miaka. Yakitiwa asidi ya fosforiki kwenye nyuzijoto 70 hutoa kabonidioksaidi. Spektromita ya masi, mashine inayotenganisha molekuli kwa uzito wake, hulinganisha molekuli za uzito wa 44, 45 na 46, na uwiano wa oksijeni-18 (nzito) kwa oksijeni-16 (nyepesi) hutuonyesha joto la bahari ya wakati ule: tofauti ya takriban 0.22 kwa elfu ni nyuzi 1.

Swali ni wapi pa kuweka nguvu: kwenye usahihi wa mashine au kwenye kuchagua magamba yaliyohifadhika. Wanaotaka nguvu zote ziende kwenye mashine wana hoja. Kosa la mashine la 0.08 kwa elfu ni kama theluthi ya nyuzi, na hupungua kwa kipeuo cha pili tu: pima mara 4 libaki nusu, mara 16 libaki robo. Magamba yataisha kabla ya subira. Nafuu zaidi ni kupima marumaru iliyolinganishwa na NBS 19, kiwango rejea cha kimataifa, kila baada ya sampuli chache, usomaji wa mashine ukihama ujue. Mtego wa maji, unaogandisha mvuke ulio ndani ya gesi, nao uwe baridi kweli. Mvuke ukipenya, hidrojeni hujibandika kwenye molekuli ya 44, ikasomeka 45, na kaboni ikaonekana nzito kuliko ilivyo.

Lakini mkulima wa korosho Mtwara anajua kuwa mizani inayosoma hadi gramu haikaushi gunia lenye unyevu. Gamba ambalo asilimia 20 ya kalisiti yake (madini yanayolijenga) iliota upya kwenye sakafu ya bahari, penye maji baridi kwa nyuzi 20 zaidi, litasoma nyuzi 4 pungufu. Lipime mara 16, litakudanganya mara 16 kwa jibu lilelile.

Ndivyo bahari za tropiki za zama za Eosini, takriban miaka milioni 56 hadi 34 iliyopita, zilivyoonekana baridi kwa miaka mingi, hadi magamba ya huku kwetu, katika matokeo ya mwaka 2001, yalipoonyesha angalau nyuzi 28 hadi 32. Mashine haikuwa siri. Mfinyanzi usiopitisha maji ndio uliokuwa siri.

Kwa hiyo vunja gamba moja, litazame kwa hadubini ya elektroni kabla ya kutia asidi. Ukuta wa asili una chembechembe laini na vitundu wazi. Fuwele nene maana yake litupe. Kuosha kwa mawimbi ya sauti kuwe kwa sekunde chache tu, la sivyo unabaki na unga.

Ukiuliza kama bahari ilikuwa na joto au baridi, 0.08 inatosha. Ukitafuta nusu nyuzi kati ya tabaka mbili zilizohifadhika sawasawa, hapo mwenye mashine asikilizwe.